Misri ile ile: kukimbia, kubaki ao kurudi, tunaamuaje?



Tarehe 26 Januari 2025 ilikuwa Jumapili. Gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini alikuwa ameuawa siku chache mbele kwenye uwanja wa vita. Kambi ya Kanyaruchinya ilikuwa ikimwaga watu wake mjini Goma, magodoro kichwani, sufuria mkononi, watoto mgongoni. Umeme na maji vilikuwa vimekatika. Waliofika kanisani asubuhi ile walikuwa wachache, nao wengi walikuja na swali moja: «Baba mchungaji, tukimbie ao tubaki?» Kesho yake wapiganaji wa M23 waliingia mjini.

Swali lile halikuisha siku ile. Februari lilifika Bukavu. Desemba 2025, siku chache tu baada ya marais kukutana Washington mbele ya kamera, lilifika Uvira, na watu kwa makumi elfu wakavuka kwenda Burundi. Leo limegeuka sura. Aliyekimbia anajiuliza kama arudi. Aliyebaki anajiuliza kama aendelee kubaki. Mwenye shamba Masisi ao Rutshuru anajiuliza kama akalime.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu linapasua makanisa yetu. Waliobaki wanawaambia waliokimbia: «Imani yenu ilikuwa wapi?» Waliokimbia wanawaambia waliobaki: «Ninyi mlijaribu Mungu.» Kuna waliobaki wanaoitwa wasaliti, na kuna waliokimbia wanaoitwa waoga. Tumeona kwaya zimegawanyika kwa maneno haya, na ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana. Kwa hiyo tunataka kuuliza pole pole: mtu anaamuaje wakati kama ule? Akili inafanya kazi gani, moyo kazi gani, imani kazi gani?

Akili bila habari ya kweli ni taa bila mafuta

Tuanze na jambo tunalolikumbuka wote wa Goma. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Hakukuwa na onyo lililotufikia mapema. Watu walitazama anga likiwa jekundu, na kila mtu akaamua mwenyewe: wengine mpaka wa Gisenyi, wengine barabara ya Sake, wengine wakabaki nyumbani wakiomba. Lava ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu kama thelathini walikufa, na wengi wao hawakuunguzwa na lava: walikufa katika ajali za barabarani wakati wa kukimbia ao kwa sababu nyingine za usiku ule. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao gizani.

Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27 Mei, serikali iliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji ziondoke. Wataalamu waliogopa kwamba lava ilikuwa ikitembea chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, ziwa lenye gesi nyingi ndani yake. Walijua habari ya Ziwa Nyos huko Kameruni, ambako mwaka 1986 gesi iliyotoka ziwani iliua watu karibu 1,700 usiku mmoja. Mamia ya maelfu waliondoka Goma. Mlipuko wa pili haukuja.

Je, waliotii amri ile walikosea? Hapana. Uamuzi mzuri haupimwi kwa matokeo peke yake. Mtu anaweza kuamua vizuri na mambo yakaenda vibaya. Anaweza pia kuamua vibaya na akaponea chupuchupu. Aliyepanda pikipiki ya mlevi akafika salama hakufanya uamuzi mzuri, alipata bahati. Kipimo cha uamuzi ni hiki: kwa habari uliyokuwa nayo saa ile, kwa watu uliokuwa na daraka juu yao, ulitafuta ukweli kadiri ulivyoweza?

Basi kazi ya kwanza ya akili ni kutafuta habari ya kweli. Hapo ndipo tulipoanguka sana Januari 2025. Simu zetu zilijaa odio za WhatsApp. Sauti ya mwanamume asiyejulikana inasema: «Ndugu zangu, nimetoka huko sasa hivi, tokeni wote.» Dakika kumi baadaye sauti nyingine inasema kinyume. Sisi tunaoandika maneno haya tulituma baadhi ya odio zile kwa watu wa makanisa yetu bila kujua zimetoka wapi. Tulifikiri tunawasaidia, kumbe tulikuwa tunaongeza moto. Tunaomba msamaha kwa hilo.

Tangu siku zile tumejifunza kuuliza maswali matatu mbele ya kupeleka habari yoyote. Nani ameona kwa macho yake? Ameona lini? Ameona wapi? Kama hakuna jibu, habari ile inabaki kwenye simu yetu. Kuuliza si ujinga, wala si kukosa imani.

Moyo pia unajua kitu

Katika mahubiri yetu mara nyingi tunasema juu ya hofu kana kwamba ni dhambi tu, na juu ya hasira vilevile. Tunamwambia mtu: «Usifuate moyo, fuata Neno.» Kuna ukweli ndani yake, maana moyo unadanganya. Lakini moyo pia unajua mambo ambayo akili haijapata maneno ya kuyasema.

Mwaka 1994 mtaalamu wa ubongo Antonio Damasio, mzaliwa wa Ureno aliyefanya kazi Marekani, aliandika juu ya mgonjwa aliyemwita Elliot. Mtu huyu alipasuliwa uvimbe kwenye ubongo. Baada ya kupona, akili yake ilipopimwa ilikuwa nzima: alihesabu vizuri, alikumbuka vizuri, alizungumza vizuri. Ila hisia zake zilikuwa kama zimezimika. Matokeo yake? Hakuweza kuamua. Jambo dogo la kazi lilimchukua siku nzima, akipima huku na huku bila kufika. Alipoteza kazi, alipoteza mali, ndoa yake ikavunjika. Mtu asiyeogopa kitu na asiyependa kitu hajui lipi lina uzito kuliko lingine.

Kwa hiyo hofu ya mama anayesikia mlio wa bunduki ukikaribia si upungufu wa imani. Ni mwili unaomwambia: hapa kuna watoto wa kulindwa. Wahenga walisema, kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Hofu ni mjumbe. Mjumbe haui, lakini pia hatawali nyumba. Unamkaribisha, unasikiliza ujumbe wake, kisha unauliza: je, ni kweli?

Ndugu zetu wa Beni na Butembo wana somo lingine hapa. Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu karibu miaka miwili, hadi tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu 2,287. Riposti ilikuja na chanjo, magari na pesa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na chanjo ile iliokoa wengi. Hata hivyo katika kartie nyingi watu walikimbia waganga na kurusha mawe. Wageni walisema: ni ujinga. Lakini tuangalie vizuri. Watu wale walikuwa wamechinjwa kwa miaka mingi bila dunia kuja mbio. Ghafla dunia ikaja mbio kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Kisha mwisho wa Desemba 2018 wakaambiwa kwamba kwa sababu ya Ebola, kati ya sababu nyingine, hawatapiga kura na wenzao, bali watangoje hadi Machi. Kesho yake kituo cha wagonjwa huko Beni kilivamiwa.

Kuvamia kituo cha wagonjwa ni kosa, na kukataa chanjo kuliua watu. Lakini hasira ile ilikuwa na ujumbe wa kweli: «Hamtujali sisi, mnajali ugonjwa tu.» Mambo yalianza kubadilika pale ambapo mtu aliyejulikana alisimama katikati: mchungaji, mwalimu, mama wa soko, mtu aliyepona Ebola na kurudi kuwatunza wagonjwa. Wengi hawakushindwa kuelewa sayansi. Walihitaji kwanza mtu wa kumwamini. Akili haifunguki kwa mtu ambaye moyo unamkataa.

Imani si muhuri

Sasa imani. Wengi wetu tunaiweka juu ya akili na moyo, kama mkubwa anayewanyamazisha wadogo. Tukiisha kuomba, tunasema, hakuna tena haja ya kufikiri wala ya kuogopa. Lakini Maandiko hayatufundishi hivyo. Tuangalie safari mbili za kwenda Misri.

Safari ya kwanza iko katika Yeremia, sura ya 42 na 43. Yerusalemu imeanguka. Mabaki ya watu wanawaogopa Wababeli, na wameisha kushika njia ya kwenda Misri. Wanamwendea Yeremia wakiwa na maneno mazuri: utuombee, na lolote Bwana atakalosema tutalitii, liwe zuri ao baya. Yeremia anaomba. Jibu linakuja baada ya siku kumi. Tufikiri siku kumi zile: watu wanangoja, askari wanakaribia katika mawazo yao, na nabii hasemi kitu kwa sababu hajapewa kitu. Kisha jibu linafika: bakini katika nchi hii. Wao wanamwambia usoni kwamba anasema uongo. Wanaenda Misri, naye wanamchukua pamoja nao.

Watu hawa waliomba, lakini walikuwa wameamua mbele ya kuomba. Hawakutafuta uongozi, walitafuta muhuri wa kugonga juu ya barua iliyokwisha kuandikwa. Ni mara ngapi nasi tunafanya hivyo? Tunaenda kwa mtumishi wa kwanza, akisema tusichotaka tunaenda kwa wa pili, hadi tumpate yule atakayetoa ufunuo unaolingana na mizigo tuliyokwisha kufunga.

Safari ya pili iko katika Matayo sura ya 2. Yusufu anaambiwa katika ndoto: chukua mtoto na mama yake, kimbilia Misri. Anaondoka usiku ule ule. Hakungoja asubuhi, hakungoja kuaga watu. Mwana wa Mungu mwenyewe alikuwa mkimbizi akingali mchanga, na hakuna aliyemwambia Yusufu kwamba amekosa imani.

Misri ni ile ile. Kwa wengine kwenda kule kulikuwa uasi, kwa Yusufu kulikuwa utii. Basi hatuwezi kujua imani ya mtu kwa kuangalia miguu yake ilielekea wapi. Aliyekimbia Goma anaweza kuwa Yusufu, na anaweza kuwa mmoja wa watu wale wa Yeremia. Aliyebaki vilevile. Neno lile tunalolisikia mimbarani, kwamba mwenye imani hakimbii, halina msingi katika Matayo sura ya 2. Wala lile lingine, kwamba mwenye akili habaki, halina msingi katika Yeremia.

Lakini tusiishie kwenye kukimbia, maana kurudi kwa Yusufu kunatufundisha zaidi. Herode amekufa, na Yusufu anaambiwa arudi katika nchi ya Israeli. Anarudi. Njiani anasikia habari: Arkelao, mwana wa Herode, anatawala Yudea mahali pa baba yake. Anaogopa kwenda kule. Anaonywa tena katika ndoto, naye anageuka kwenda Galilaya, anakaa Nazareti.

Hapa vyote vitatu viko pamoja. Alisikia habari na akazipima: hiyo ni akili. Aliogopa, na Maandiko hayamkemei kwa hofu yake: huo ni moyo. Alionywa na Mungu: hiyo ni imani. Imani haikumwambia, «Nimekwisha kukuambia urudi, funga macho uende.» Imani ilifanya kazi pamoja na habari aliyoisikia na hofu aliyoiona ndani yake, ikampa njia ya tatu ambayo hakuwa ameifikiri. Alirudi katika nchi, lakini si katika kijiji kile alichokiogopa.

Basi tunasema hivi: imani haituondolei kazi ya kufikiri wala ya kuhisi. Inatupa utulivu wa kuzifanya kazi zile mbili bila kupotea. Mtu aliyekabidhi maisha yake kwa Mungu anaweza kusikiliza habari mbaya bila kuzikimbia. Anaweza kukiri hofu yake bila aibu. Na anaweza kubadilisha uamuzi wake bila kuona kwamba ameanguka.

Pale ambapo mtu hana la kuchagua

Kuna jambo moja ambalo tukiliacha tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Mara nyingi watu wetu hawachagui kati ya jema na baya. Wanachagua kati ya hatari mbili.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ilitoka Minova, imejaa kupita kiasi. Watu waliokuwa ufukoni waliiona ikipinduka mbele ya macho yao, na makumi ya abiria walikufa. Baadaye tulisikia wengi wakisema: «Kwa nini walipanda mashua iliyojaa vile?» Walipanda kwa sababu barabara ya Minova hadi Goma kupitia Sake ilikuwa imefungwa na vita. Mama mwenye maharagi na ndizi za kuuza alipima: nikibaki, watoto hawali, nikipita barabarani, kuna bunduki, nikipanda mashua, pengine nitafika. Alifikiri vizuri kuliko wanaomlaumu. Waliokosa ni wale waliofunga barabara kwa silaha, na wale waliokuwa na kazi ya kuhesabu abiria wasiwahesabu.

Vivyo hivyo Februari 2025, waliokuwa katika kambi kuzunguka Goma waliambiwa waondoke, na ndani ya siku chache kambi zikabaki matupu. Wengi walirudi mahali ambapo nyumba haipo tena. Je, waliamua? Mtu anayesukumwa hachagui njia, anachagua tu namna ya kuanguka. Kanisa lisiwafundishe maskini hekima ya kuamua huku likinyamaza mbele ya wenye nguvu wanaowanyima nafasi ya kuamua.

Ndiyo maana tunaheshimu hatua ya viongozi wetu wa ECC pamoja na maaskofu wa CENCO, ambao tangu Januari 2025 wameomba mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani, na tarehe 12 Februari walifika Goma kuongea na viongozi wa AFC na M23. Uamuzi ule uliwachoma wengi. Huku walisema wachungaji wanakaa meza moja na wauaji, kule walisema wanatumikia siasa. Tunaelewa hasira ile, maana waliozika watoto wana haki ya kukasirika. Lakini viongozi walipima: nani ataongea na pande zote kama si kanisa, lenye watoto wake pande zote? Pengine wataonekana walikosea, pengine watapewa haki. Walau waliamua kwa macho wazi, wakijua watatukanwa.

Uamuzi wa kurudi

Sasa turudi nyumbani, kwa familia inayojiuliza mwaka huu kama irudi kijijini. Mikataba imetiwa saini: Washington tarehe 27 Juni 2025, kati ya Kongo na Rwanda, Doha tarehe 19 Julai, tamko la kanuni kati ya serikali na AFC/M23. Tunamshukuru Mungu kwa kila karatasi inayosema amani. Lakini Uvira imetuonyesha kwamba karatasi na barabara ni vitu viwili. Usirudi kwa sababu redio imesema mkataba. Rudi ukiisha kujua habari ya kijiji chako wewe.

Chukua familia moja, kama nyingi tunazozijua. Baba anataka kurudi Masisi. Anafikiri shamba: msimu wa kupanda unaanza Septemba, mwingine Februari, ukiukosa, ni miezi mingine ya njaa. Anaogopa pia kwamba mtu mwingine atashika parsele yake. Mama hataki. Kuna jambo lililompata njiani ambalo hajalisema kwa mtu yeyote. Bibi anataka kwenda kufa karibu na kaburi la mume wake. Kijana wa miaka 16 haongei, lakini usiku halali, maana anajua vijana wa rika lake wanachukuliwa kubeba bunduki. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Baba akiamua peke yake, hata akiomba usiku kucha, ataamua kwa robo ya ukweli.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni kuketi wote. Si baba na mzee wa kanisa tu. Mama aulizwe peke yake, na mama mwenzake wa kanisa, sio mbele ya wanaume. Kijana aulizwe. Katika familia zetu nyingi mwanamke ndiye anayebeba mtoto, maji na chakula wakati wa kukimbia, lakini uamuzi wa kuondoka hautoki kwake. Hilo si agizo la Biblia, ni mazoea, na mazoea yanaweza kubadilika.

Shauri la pili: atangulie mmoja ao wawili, wakae siku chache, waone kwa macho. Nani analala katika nyumba? Shule ina mwalimu? Kituo cha afya kina dawa? Barabara ina vizuizi vingapi, na kila kimoja kinadai franga ngapi? Shamba liko mbali kadiri gani na mahali pa wenye silaha? Musa alituma wapelelezi, na Yoshua vilevile.

Shauri la tatu: amueni mbele ya shida, wakati moyo umetulia. Semeni pamoja: tukiona jambo hili na hili, tutaondoka, tukipotezana, tutakutana kwenye kanisa fulani. Namba ya simu iandikwe na ishonwe katika nguo ya kila mtoto. Karte za uchaguzi, cheti cha kuzaliwa na karatasi za parsele ziwe katika mfuko mmoja. Waliopotezana na watoto usiku wa Mei 2021 wanajua tunachosema. Kufanya hivi si kukaribisha mabaya. Nehemia aliomba na akaweka walinzi, sala na zamu ya ulinzi katika mstari mmoja.

Shauri la nne: acheni mlango wazi. Yusufu alibadilisha njia alipokuwa amekwisha kuanza safari. Familia iliyorudi ikaona hatari, ikatoka tena, haijashindwa. Tusiwacheke.

Neno kwa wachungaji wenzetu

Watu wanatuamini kuliko wanavyoamini redio. Ni heshima, na ni mzigo mzito. Tunawasihi mambo mawili.

Msiwape watu tarehe. Kama Bwana amekuonyesha jambo, lipime na wazee, na ungoje kama Yeremia alivyongoja siku kumi. Nabii anayesema mji hautaguswa, kisha mji ukaguswa, hasemi tena na watu kuhusu Mungu bila wao kukumbuka waliokufa wakimsikiliza. Ni heri kusema «sijui, lakini niko pamoja nanyi» kuliko kusema neno ambalo Bwana hakulisema.

Halafu, wapatanisheni waliokimbia na waliobaki. Wekeni Jumapili moja ambapo aliyebaki ataeleza alichoona, na aliyekimbia ataeleza alichopitia, na hakuna atakayejibu. Mtasikia kwamba wengi waliobaki walibaki kwa ajili ya mzazi mgonjwa asiyeweza kutembea, na wengi waliokimbia walikimbia kwa ajili ya binti wa miaka 14. Wote wawili walimwomba Mungu yule yule usiku ule ule. Wote wawili walilia.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Uamuzi mkubwa wa mwisho katika nyumba yetu: nani aliulizwa, na nani hakuulizwa?
2. Ni mara gani tuliomba tukiwa tumekwisha kuamua?
3. Kuna mtu katika kanisa letu tuliyemhukumu kwa sababu alikimbia ao alibaki? Nani ataenda kumtembelea juma hili?

Bwana aliyemwongoza Yusufu usiku, akamrudisha kwa njia nyingine, ayaongoze nyumba zetu. Atupe masikio ya kusikia habari ya kweli, moyo usioona haya kwa hofu yake, na imani ya kutembea hata pale ambapo hatujaona mwisho wa barabara. Amina.